Mara Tatu na Vidole Vinne

Mfuniko ulikataa. Kajetani aliuinua, akaugeuza, akaupuliza vumbi kana kwamba vumbi ndilo lenye makosa, kisha akauweka tena juu ya kihenge cha mahindi. Ukakaa juu juu, ukizidi mdomo wa kihenge kwa kidole kizima kila upande, kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Akausogeza kulia ili upande mmoja ulingane. Wa pili ukazidi vidole viwili. Akausogeza kushoto, ikawa yale yale.

Mwanzoni hakuogopa. Mtu aliyekunja bati kwa miaka thelathini amezoea ubishi wake. Alidhani amekosea kihenge kimoja tu, basi akaubeba mfuniko ule ule mpaka kwenye kihenge cha pili, akaenda cha tatu, akamaliza safu nzima. Vihenge sita vilisimama chini ya kibanda chake pale Mjimwema, virefu vya kumfika kifuani, viking'aa, ribiti zimepangwa vizuri na lehemu imekolea kwenye maungio. Vyote vilikuwa vimejikunyata kwa kiasi kile kile. Hata vitako, ambavyo alikuwa bado hajavifunga, navyo vilizidi. Ilikuwa Julai, Songea nzima imejifunika makoti, lakini Kajetani alihisi jasho likimtambaa mgongoni.

Maana siku hiyo ndiyo siku ambayo PI alikuwa anakuja.

Neno hilo, PI, alilisikia kwa mara ya kwanza kwa Calvin, kijana wa Moshi aliyeletwa na mradi wa kuhifadhi mahindi. Calvin alilitamka herufi moja moja, pii-ai, na kila alipolitamka alirekebisha kola ya shati. Kajetani alipouliza ni cheo gani hicho, aliambiwa ni mkuu wa utafiti, mwenye neno la mwisho: akisema kijiji hiki kimo, kimo, akisema kitoke, kimetoka. Tangu hapo Kajetani alimwazia PI kama mtu wa miraba minne mwenye miwani myeusi, na alimwazia kila alipokula.

Haikuwa kawaida yake kuogopa wakubwa. Wakati wa uhaba, miaka ile sabuni ilipotafutwa kwa foleni na mtu akitoka safari ya Dar alipokelewa kwa maswali kuhusu betri, Kajetani alikuwa mtu mkubwa hapa mjini. Maofisa walikuja wenyewe kibandani kuomba ndoo. Akina mama wa kijiji cha Maposeni walimwachia kuku ili wasogezwe mbele kidogo. Kisha biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kupanda kutoka Makambako yamejaa ndoo za plastiki, nyekundu na bluu na kijani, nyepesi, zinashikana moja ndani ya nyingine kama vikombe. Watu wakasahau haraka. Kajetani alibaki na koroboi, vibao vya makaburi na viraka vya karai, na kuna wiki zilipita mkasi wake haujafunguliwa ila kwa kupakwa mafuta.

Ndipo mradi ukaja na bati jipya, laini, lisilo na migongo, ukamwambia: tutengenezee vihenge sita vya kuanzia. PI akivikubali, vitatengenezwa vya vijiji vyote hadi mpakani. Kajetani alilipapasa bati lile kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari. Usiku huo mkewe, Aurelia, alimsikia akicheka usingizini.

Sasa Aurelia alikuwa jikoni, na Kajetani alishukuru kwamba jiko lilikuwa nyuma ya nyumba.

Alikaa juu ya kigoda akaanza kujiuliza. Vitako na mifuniko alivichora kwa msumari na kamba: msumari katikati, kamba nusu mita, unazungusha. Hapo hakuna wa kukosea. Basi makosa yalikuwa kwenye miili. Na miili aliikata kwa kanuni ya marehemu fundi Daimu, Myao wa Tunduru aliyemfundisha kazi akiwa kijana: chukua upana wa kitako, uurudie mara tatu, kisha ongeza vidole vinne. Viwili vya mduara, viwili vya pindo. Mara tatu na vidole vinne. Kwa kanuni hiyo alikuwa ametengeneza ndoo zisizohesabika, na hakuna ndoo iliyowahi kumrudishia kitako.

"Daimu," alisema kwa sauti ndogo, "umenifanyia nini?"

Calvin alifika kwa baiskeli, akiwa bado ana ukungu kwenye nywele. Alisalimia shikamoo, akaona mfuniko ulivyolala, akaacha kutabasamu.

"Mzee Kajetani. Hivi ndivyo vilivyo vyote?"

"Vyote."

Kijana alizunguka safu nzima, akarudi, akatazama barabarani kama mwizi. "PI ataniua," alisema. "Sikiliza, mzee. Mwili ukiwa mdogo, si unapunguza mfuniko? Unapunguza na kitako. Nani atajua? PI haji na rula mkononi. Anakuja, anagonga gonga, anaandika, anaondoka kwenda Maposeni."

"Upana ulisema mita moja."

"Itakuwa mita moja kasoro kidogo. Hata mimi naitwa mrefu, lakini si mrefu sana."

Kajetani hakucheka, ila alichukua mkasi. Woga ni mwalimu mbaya, lakini anafundisha haraka. Alikata mduara wa mfuniko mmoja pembeni, ukanda mwembamba ukijikunja na kuanguka miguuni pake, akakunja ukingo upya na kuupiga kwa nyundo ya mti. Alipouweka juu ya kihenge, ulishuka taratibu ukakaa. Ulipendeza. Akapunguza kitako vivyo hivyo, akakifunga. Mtu angeapa kwamba kihenge kile kilizaliwa hivyo. Calvin akapumua, akasema anaenda mjini kupokea gari, na kwamba vile vitano vingine vifunikwe turubai kama vinasubiri lehemu.

Alipoondoka, Kajetani alishika mfuniko wa pili. Mkasi ukafunguka, ukabaki wazi.

Kilichomzuia hakikuwa ucha Mungu, ingawa alikuwa mtu wa kanisani. Ni kwamba hakujua. Angejua amepunguza kiasi gani, labda angeweza kusema uongo vizuri. Lakini uongo ambao mwenyewe hujui ukubwa wake unatisha kuliko ukweli. Na katika nyumba ile alikuwepo mmoja tu wa kumwuliza, na huyo alikuwa mtoto wake, na fundi hamwulizi mtoto kazi.

Jane alikuwa uani akianika sare. Alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni ya wasichana huko Iringa, mchepuo wa hesabu. Basi lake lilikuwa Jumatatu. Kajetani alijikohoza mara mbili kabla ya kusema.

"Mama. Hebu njoo uone kitu kidogo."

Alimwita mama kila alipokuwa na shida, kwa kuwa binti huyo alirithi jina la mama mzazi wa Kajetani. Jane alifuta mikono kwenye khanga akaja. Akatazama kihenge, akatazama mfuniko wa pili, akaelewa kabla hajaambiwa. Lakini alikuwa na adabu ya kusubiri.

"Kitako kikiwa mita moja," Kajetani alisema, "bati la kuzunguka linakuwa refu kiasi gani?"

"Baba ulikata kiasi gani?"

"Nimekuuliza mimi."

Jane alichutama, akachora mduara kwenye vumbi kwa kipande cha mkaa, akapitisha mstari katikati. "Mstari huu ukiuzungusha pembeni, unaingia mara tatu, halafu inabaki nafasi. Hiyo mara tatu na kitu ndiyo tunaita pai." Akaandika alama yake, vijiti viwili chini ya paa. "Shule ya msingi walitufundisha ishirini na mbili kwa saba. Lakini hiyo ni ya kukaribia tu. Yenyewe haishi. Unaandika tarakimu, unaandika, hazifiki mwisho wala hazijirudii."

"Kwa Kiingereza wanaiandikaje?"

"P na i."

Kajetani alitikisa kichwa. "Basi tuna mapi-ai mawili siku moja. Na huyu mwingine anakuja kwa gari."

"Huyo wa gari ataondoka, Baba. Huyu yupo siku zote."

Kajetani alimweleza kanuni ya Daimu. Jane alisikiliza, akaandika vumbini, akafuta, akaandika tena, na uso wake ukawa laini. "Mzee Daimu hakukosea," alisema. "Kwa ndoo, ile nafasi inayobaki ni kama vidole viwili. Viwili vyake vinatosha kabisa. Lakini nafasi inakua kitako kinapokua, na vidole havikui. Hapa ulitakiwa kuongeza kiganja kizima na zaidi."

Mzee wa watu alitazama vidole vyake vinne, vyeusi kwa asidi, vyenye makovu. Aliona aibu, kisha akaona afadhali, kisha aibu ikarudi. Miaka thelathini alikuwa sahihi kwa sababu hakuna aliyemwomba kitu kikubwa.

"Na mahindi? Yanapungua mangapi?"

Jane alipiga hesabu kimya. "Kama kinabeba gunia nane, hiki kitakosa karibu nusu gunia."

"Nusu gunia si kitu."

Jane alikitupa kipande cha mkaa. Alisimama, akafuta magoti, akarudi kwenye kamba ya nguo. Kajetani alijua maana ya kugeuziwa mgongo vile. Mke wake ndiye aliyemfundisha.

Gari lilifika saa nane, jeupe, limepakwa vumbi jekundu la barabara ya Tunduru mpaka kwenye vioo. Kajetani alisubiri yule mtu wa miraba minne ashuke. Akashuka mwanamke mfupi wa makamo, amevaa sweta la kijivu na viatu vya raba, akiwa ameshika kiuno kwa uchovu wa njia.

"Habari za kazi, mzee. Mimi ni Dokta Shukuru. Pole na kutusubiri."

"Nzuri, Dokta. Karibu. Pole na safari."

Calvin alimwelekeza moja kwa moja kwenye kihenge kile chenye mfuniko. Dokta Shukuru hakugonga gonga. Aliufungua mfuniko, akaingiza kichwa ndani kabisa akisaka tundu lolote la mwanga, akapitisha kucha kwenye maungio. Alipotoa kichwa alikuwa anatabasamu kama msichana.

"Kazi safi sana. Mdudu dumuzi hapiti hapa. Kule Mbesa, kijiji chetu kingine, kuna fundi mzuri, lakini lehemu yake haifikii hii." Akamgeukia dereva. "Vingine vikiwa hivi, kesho tunapeleka Maposeni. Nimeambiwa akina mama wameshapukuchua."

Maposeni ndiko alikoolewa dada yake Kajetani, Emerensiana, na nyumba yake ilikuwa mojawapo ya nyumba sita zitakazopewa vihenge. Jumapili iliyopita alimwambia kaka yake mbele ya kanisa, huku watu wakisikia, kwamba mwaka huu hatapepeta unga wa wadudu.

"Dawa," Kajetani alisikia mdomo wake ukisema. "Ile dawa ya mahindi, inapimwaje?"

Calvin alimkazia macho.

"Kila kihenge na kipimo chake," Dokta alisema. "Tumeshafunga pakiti kabisa, ili mama asipime mwenyewe akakosea. Kikijaa, anachanganya pakiti moja, basi. Kwa nini?"

Mficha uchi hazai, husema watu, lakini hawasemi jinsi baridi inavyompiga aliyevua. Kajetani alienda kwenye turubai akalivuta. Vihenge vitano vilisimama wazi, vitako vyao vikubwa vimeegemezwa ukutani kama ushahidi.

"Vyote vimepungua, Dokta. Hata hicho ulichokisifu. Nimepunguza mfuniko na kitako ili vilingane. Nusu gunia haiingii, na dawa itazidi."

Dokta Shukuru alikwenda akashika kitako kimoja, akakilinganisha na mdomo wa kihenge, akakirudisha polepole. Tabasamu lilikuwa limekwisha, na Kajetani alilitamani lirudi.

"Calvin. Mchoro niliokupa una vipimo vyote, pamoja na urefu wa bati. Uko wapi?"

Kijana alifungua begi lake akautoa. Ulikuwa bado umekunjwa kama ulivyotoka ofisini. "Nilidhani fundi anajua," alisema. "Nilimwambia upana na kimo tu."

"Mkasi ni wangu, Dokta," Kajetani alisema. "Kijana hakukata bati."

"Simtafuti wa kumchapa, mzee. Natafuta vihenge." Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaonekana mwenye kuchoka kweli. "Vya Mbesa vimejazwa tayari. Siwezi kulinganisha vya huko na vidogo vya huku. Nikifanya hivyo, kila nitakachoandika ni uongo. Na siwezi kuongeza dawa kwenye chakula cha watu eti kwa sababu bati lilipungua. Kuna namna ya kuvipanua?"

"Ipo. Nafumua pindo moja, naingiza ukanda wa bati, upana wa kiganja na zaidi, nafunga upya. Kwa kila kimoja. Na mfuniko na kitako nilivyokata nitavizungushia ukingo mpya."

"Bati lipo?"

"La mradi limekwisha."

"Mimi pia sina. Mpaka litoke Dar ni wiki tatu, na dumuzi hasubiri wiki tatu." Alifikiri kidogo. "Masalia je?"

Kajetani alishusha macho. Dokta akainua mkono.

"Hapana, nisamehe. Najua masalia ni ya fundi. Baba yangu alikuwa seremala Masasi, na mapande ya mbao yalikuwa yetu. Siwezi kukudai masalia." Akasimama. "Naenda kulala kwa masista. Kesho saa tatu napita hapa. Vikiwa tayari, twende Maposeni. Visipokuwa tayari, Maposeni inatoka, na sitakulaumu. Ila vile vya vijiji vingine itabidi nivitafutie karakana kwingine."

Alisema bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza. Calvin aliingia nyuma ya gari bila kuaga. Kihenge kizuri kilibaki wazi, mfuniko wake umelala chini.

Aurelia alikuwa amesimama mlangoni tangu gari lizime. Mwanamke huyo hakuwahi kusikiliza kwa siri. Alisikiliza wazi wazi, mikono kiunoni.

"Baba Jane," alisema. "Masalia yapo wapi?"

"Unajua yalipo."

Alijua. Wote watatu walijua. Kila bati lilipokatwa mduara, ubavuni mwake ulibaki ukanda mrefu, na kwa wiki mbili Kajetani aliunganisha kanda zile kwa mkono uliotulia kuliko mkono wowote aliowahi kuutumia, akatengeneza sanduku la shule. Hakuna msichana anayekwenda bweni bila sanduku la bati. Ndilo kabati lake, ndilo meza yake, ndilo linalomwambia mwenzake wa kitanda cha jirani kwamba anatoka kwa watu. Sanduku hili lilikuwa na bawaba za shaba na pembe mbili mbili. Mbele yake, kwa rangi ya bluu ya kibao cha kaburi, aliandika JANE KAJETANI, herufi kubwa, akiwa ametoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Aurelia alisema, lakini sauti yake ilikosa nguvu ya methali. "Wakatae hao. Utatengeneza koroboi. Tulikuwa tunaishi kabla ya PI."

"Tulikuwa tunaishi," Kajetani alikubali.

Aurelia aliangalia kando, kwa maana yeye naye alikuwa na wifi Maposeni, na yeye naye aliwahi kula ugali wa mahindi yaliyogeuka vumbi. Hasira ilimpanda, ikakosa mtu wa kumshukia.

Kutoka ndani ya nyumba kulisikika sauti ya bati likiburutwa kwenye sakafu. Jane alitokea akitembea kinyumenyume, ameinama, akilivuta sanduku kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshatoa vitu vyote ndani yake. Alilifikisha chini ya kibanda, akaliweka karibu na mguu wa baba yake, akasimama akihema.

"Nguo zitaingia kwenye gunia la salfeti," alisema. "Nimejaribu, zimeingia."

"Jane."

"Baba, jua linashuka."

Kajetani alijua yampasa kusema kitu ambacho baba husema, lakini akatwaa patasi. Alipiga magoti. Aling'oa bawaba, moja, ya pili, akaziweka kwenye mfuko wa shati. Alifumua pembe kwa patasi, pindo baada ya pindo, na sanduku likafunguka na kulala chini kama samaki aliyepasuliwa tayari kukaushwa. Mgongo wa sanduku ulitoa ukanda wa kwanza. Ubavu ukatoa wa pili. Jane alipima mwenyewe kwa kamba, akaongeza kiganja, akaongeza kidogo tena, akaweka alama kwa msumari. Na baba yake hakumwuliza kitu, alikata pale alipoambiwa.

Upande wa mbele ulibaki wa mwisho.

Waliulaza juu ya gogo. Alama ya msumari ilipita katikati ya jina, ikiligawa kwa urefu, vichwa vya herufi juu na miguu yake chini. Hapakuwa na pengine pa kupitisha. Jane alikuwa amegeuza kamba pande zote. Aurelia alileta moto wa lehemu akauweka chini bila kumtazama yeyote.

"Shika hapo, lisicheze," Kajetani alisema.

Jane alishika. Kidole chake kimoja kilitua juu ya herufi ya kwanza, mbele kabisa ya njia ya mkasi, na kikabaki pale. Baba yake aliingiza bati katikati ya meno ya mkasi, akainua macho, akasubiri Jane akiondoe.